Lisbon kwa wenza wenye muda mfupi: tulikopita, na dhahabu ya Kilwa tuliyoikuta huko

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Humu ndani zipo nyuzi nyingi za Paris, Roma na Istanbul, lakini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hutajwa kwa nadra, na ukitajwa huwa ni kwa sababu ya tiketi nafuu na jua lisilokosekana hata wakati wa baridi. Mimi na mke wangu tumetoka huko hivi karibuni kwa mapumziko mafupi ya mwisho wa wiki. Tunaishi Ujerumani, mwenzangu kwao ni Kilwa na mimi kwetu ni Tanga, na jambo hilo ndilo lililotuongoza katika kuchagua pa kwenda na pa kuacha. Naandika kwa kirefu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba hakuna mji wa Ulaya unaomhusu mtu wa mwambao wetu kwa karibu kama huu, na inaniuma kuona wenzetu wakienda, wakipiga picha mbele ya tramu ya manjano, kisha wakarudi bila kujua kwamba dhahabu ya Kilwa ipo pale, ndani ya kabati la kioo, na jina la Kilwa limechorwa juu yake.

Tulianzia Praça do Comércio, uwanja mpana ulio ukingoni mwa mto Tejo, ambao wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço kwa kuwa zamani hapo palikuwa na jumba la mfalme. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mfalme Manuel I aliihama ngome ya mlimani akashuka kukaa bandarini, na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya pilipili manga, dhahabu na pembe za ndovu kutoka ng'ambo, ikawa ubavuni mwa jumba lake. Leo huoni kitu cha jumba hilo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, wimbi la bahari likapanda mtoni na kufagia ukingo, kisha moto ukateketeza kwa siku kadhaa yale yaliyosalia. Maktaba ya mfalme iliungua, na kumbukumbu nyingi za biashara ya ng'ambo ziliungua pamoja nayo. Hasara hiyo ni yetu pia, kwa sababu makarani wa ofisi ile walikuwa wakiandika habari za Sofala, Kilwa, Mombasa na Malindi katika miaka ambayo sisi wenyewe tuna maandishi machache mno yaliyobaki.

Mtaa wa bondeni unaoitwa Baixa ulijengwa upya chini ya usimamizi wa waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Mitaa yake imenyooka, nyumba zake zina kimo kimoja, na ndani ya kuta mafundi walificha kiunzi cha mbao kilichofungwa kwa mishazari ili jengo liyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba kiunzi cha majaribio kilipimwa kwa kuwaamuru askari wapige gwaride kukizunguka. Juu kidogo ya hapo lipo kanisa la Carmo, ambalo paa lake liliporomoka siku ile na halikurudishwa. Unasimama katikati ya nguzo na matao huku juu yako pakiwa na mbingu tupu. Kwa mtu mwenye saa chache, mahali hapo pekee panatosha kumweleza tetemeko lile lilikuwa la namna gani.

Ngome ya São Jorge na mtaa wa Alfama nitavitaja kwa ufupi, maana vimeandikwa sana. Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya 8 hadi 1147, Mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba, na vichochoro vya Alfama, vyembamba kama vya Lamu, vimebaki na mpangilio wa enzi hizo kwa sababu mtaa huo ulisimama juu ya mwamba na haukubomoka wote mwaka 1755. Ushauri wangu ni mmoja: pandeni kwa basi au tramu hadi Portas do Sol, kisha mshuke kwa miguu. Mawe madogo meupe yaliyotandazwa njiani huteleza vibaya mvua ikinyesha, hivyo viatu vyenye soli ngumu inayoteleza viacheni nyumbani.

Siku iliyofuata tuliielekeza yote magharibi, Belém. Tramu namba 15 inafika huko, lakini treni ya Cascais kutoka kituo cha Cais do Sodré ni ya haraka zaidi na haina msongamano kama tramu. Kutoka ukingo huu wa mto ndiko zilikong'olea nanga merikebu za Vasco da Gama tarehe 8 Julai 1497. Mwezi Aprili mwaka uliofuata zilifika Mombasa, zikakosa maelewano, zikasogea Malindi, ambako mfalme alizipokea na kuzipatia rubani wa kuzivusha hadi Calicut, India.

Monasteri ya Jerónimos iliyopo hapo ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Asia. Ua wake wa ndani una varanda za ghorofa mbili, na kila tao limechongwa kamba za merikebu, matawi, wanyama na ile tufe ya wanamaji iliyokuwa nembo ya mfalme, yote kwa jiwe la chokaa la rangi ya asali ambalo hubadilika kadiri jua linavyozunguka. Tiketi ya ua inalipiwa, ila kanisani mnaingia bure. Mkiingia tu, kushoto, chini ya roshani ya kwaya, lipo kaburi la Vasco da Gama, na kulia lipo la mshairi Luís de Camões. Da Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa katika karne ya 19. Sanamu yake imelala chali, viganja vimekutanishwa kwa sala, na ubavuni mwa kaburi imechongwa merikebu iliyotweka matanga. Mbele kabisa, karibu na altare, kaburi la Manuel mwenyewe limebebwa na tembo wa marumaru.

Mnara wa Belém tuliutazama kwa nje, tukamtafuta yule kifaru wa jiwe aliyechongwa chini ya mojawapo ya vibanda vya walinzi, kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Mnara wa Wavumbuzi ulio jirani ni wa juzi tu, wa mwaka 1960, enzi ya dikteta Salazar, na ramani kubwa ya dunia iliyotandazwa sakafuni mbele yake ilikuwa zawadi ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Naona ni vyema mgeni alijue hilo kabla ya kupiga picha.

Sasa nije kwenye lile lililotupeleka. Kati ya Belém na Baixa, kwenye barabara ya Rua das Janelas Verdes, lipo jumba la makumbusho la taifa la sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Humo ndimo inamohifadhiwa monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, yaani mkate mtakatifu wa Wakatoliki. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba angeuteketeza mji asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu yenyewe ilikuwa imechimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala na kupakiwa vyomboni hadi Kilwa, biashara iliyokuwa imeutajirisha mji huo tangu kabla ya Ibn Battuta kuuzuru mwaka 1331. Da Gama aliifikisha dhahabu hiyo ya kodi Lisbon mwaka 1503, na Manuel akaagiza itumike kutengenezea chombo cha monasteri yake mpya. Kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huhusishwa na sonara Gil Vicente, ilikamilika 1506. Mwaka mmoja kabla, Julai 1505, jeshi la Francisco de Almeida liliivamia Kilwa na kuipora, na mwezi uliofuata likaichoma Mombasa. Maana yake ni kwamba mji uliotoa dhahabu uliporwa wakati sonara bado anaifua.

Chombo hicho hakina ukubwa wa kutisha. Kinamfikia mtu kifuani kikiwa juu ya meza. Katikati, mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya Ekaristi, kila mmoja na uso wake na rangi za joho lake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu zaidi zinapanda nguzo na vilele vyembamba vya dhahabu ambavyo huwezi kuamini kwamba vimetoka kwenye mkono wa mtu. Kitako kimepambwa kwa maua, ndege na konokono wa rangi. Maandishi yanakizunguka pembeni mwa kitako. Mke wangu alizunguka kabati lile taratibu, akiyafuata kwa macho, hadi akazifikia herufi za jina la kwao zilizoandikwa kwa Kireno cha kale. Maandishi yanatamka waziwazi kwamba Mfalme Dom Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Alisimama hapo muda mrefu, nami sikumharakisha.

Naomba mchango wenu, hasa waliowahi kufika.

Mwana wa Mvita:

Shukrani sana, ndugu mleta mada. Mimi kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, na nimekua nikiiona Ngome ya Yesu kila siku nikienda madrasa. Watu wengi husahau kwamba Wareno hawakuanza kuijenga ngome hiyo hadi 1593, takriban miaka 95 baada ya da Gama kufika, na kwamba kati ya tarehe hizo mbili mji wetu uliteketezwa zaidi ya mara moja. Nilitaka kukuuliza jambo moja. Je, uliposimama mbele ya kaburi la mtu yule, uliona haja ya kulitembelea? Mimi niliwahi kupita Lisbon na nilikataa kuingia kanisa lile.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Mvita, nauheshimu uamuzi wako. Mimi niliona haja. Niliwatazama wageni wengine wakipita pale, na wengi waligusa jiwe, wakapiga picha na kuondoka. Sisi tulisimama tukiwa tunaijua Kilwa ya 1502 na Mombasa ya 1505, na nadhani inafaa watu wenye ujuzi huo wafike pale pia, wasiachiwe wengine peke yao kulisimulia. Pale Malindi tunao mnara wa da Gama, na inaelezwa kwamba msalaba wa juu yake ulichongwa kwa jiwe lililotoka Ureno. Hivyo jiwe la huko lipo kwetu na dhahabu ya kwetu ipo huko. Mtu akiviona vyote viwili, historia hii inamkaa vizuri zaidi kuliko darasani.

Bi Mkubwa wa Ilala:

Mada nzuri, kaka. Mimi na mume wangu tunatarajia kwenda mwaka huu tukijaaliwa, na sisi ni Waislamu, hivyo naomba utufafanulie habari za chakula na malazi, na kama mwenye kibali cha kuishi Uholanzi anahitaji viza.

Mleta uzi:

Dada yangu, mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen haombi viza nyingine. Anaruhusiwa kukaa nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Atakayemfuata kutoka nyumbani ndiye atakayehitaji viza.

Kuhusu chakula, msiwe na wasiwasi. Karibu na uwanja wa Martim Moniz, hasa barabara ya Rua do Benformoso, ipo migahawa mingi ya Wabangladeshi yenye nyama halali, na pametulia kwa bei. Msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, upo karibu na Praça de Espanha, na miongoni mwa waumini wake wa muda mrefu zipo familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilizotoka Msumbiji, watu wakarimu sana wakisikia mnatoka mwambao. Kwenye migahawa ya Kireno kaeni na samaki: samaki wa kuchoma kwa chumvi na mafuta ya zeituni ndio fahari yao. Supu ya kijani iitwayo caldo verde iulizieni kwanza, kwa kuwa kwa kawaida huwekewa vipande vya soseji ya nguruwe, na bifana ni mkate wa nyama ya nguruwe moja kwa moja. Jambo jingine, mkiketi tu mtaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Hizo si zawadi. Mkizila zitaandikwa kwenye bili, na msipozitaka waambieni kwa upole waziondoe.

Malazi tulichukua Baixa kwa sababu ni tambarare na treni zote zipo karibu. Alfama inapendeza kwa macho, ila kupandisha sanduku kwenye ngazi zile ni adhabu. Kwenye tramu namba 28 angalieni mikoba yenu, kwa kuwa wachomoaji wanaijua vizuri.

Mkazi wa Almada:

Naishi ng'ambo ya mto na naomba kuongeza mambo mawili ambayo mleta mada hakuyagusa. La kwanza, vukeni kwa kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas jioni, jua linapozama. Nauli yake ni ndogo, na mji mzima, kuanzia ngome hadi daraja, mtauona kwa mpigo mmoja kutoka majini, kama walivyouona mabaharia.

La pili linatuhusu Watanzania moja kwa moja. Mkiwa Carmo, kabla ya kuingia kwenye magofu ya kanisa, simameni kwenye kiwanja kilicho mbele yake. Tarehe 25 Aprili 1974, kambi iliyo hapo ndiyo aliyojifungia Marcelo Caetano, waziri mkuu wa utawala wa kidikteta, na ndipo alipojisalimisha kwa askari waasi huku wananchi wamejaa kiwanjani. Askari wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikafanyia mafunzo Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Kwa maneno mengine, yaliyotokea kwenye kiwanja kile yana mkono wa watu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma waliowapokea wapigania uhuru na kuvumilia mashambulizi ya mpakani. Daraja lile jekundu lilifunguliwa mwaka 1966 likiwa na jina la Salazar. Leo linaitwa Daraja la Aprili 25.

Mtafiti wa Songea:

Nimesoma yote kwa makini, na nina swali zito. Mleta mada ameeleza kwamba dhahabu ile ilichukuliwa kwa vitisho vya mizinga. Kwa nini basi tunazungumzia kwenda kuiona tu? Nigeria inarudishiwa shaba za Benin. Kwa nini Tanzania isidai chombo hicho?

Mleta uzi:

Ndugu Mtafiti, tumelijadili sana jambo hilo mimi na mwenzangu tukirudi kwa miguu kutoka makumbusho, tukipita barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, ambayo jina lake huhusishwa na shimo ambalo Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe mwaka 1515 ili kutupia maiti za watumwa wa Kiafrika. Baada ya kupita njia ile, si rahisi kuzungumza kwa utulivu, lakini nitajitahidi.

Shaba za Benin zilitengenezwa na mafundi wa Benin kwa ajili ya jumba la mfalme wao, zikang'olewa humo. Chombo hiki kilifuliwa Lisbon kwa ibada ya Kikatoliki. Kilichonyang'anywa ni dhahabu kabla haijawa chombo. Hilo halipunguzi dhuluma, ila linabadilisha namna ya kudai. Mimi ningependa mambo matatu yatangulie. Nakala yake kamili itengenezwe na kuwekwa Kilwa, ambako magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ili mtoto wa Kilwa aione bila viza. Maelezo ya chombo, popote kinapoonyeshwa, yataje vitisho vya 1502 na uvamizi wa 1505 kwa tarehe na majina. Na watafiti wetu wapewe njia na fedha za kufika kwenye hifadhi ya taifa ya Torre do Tombo, hapo hapo Lisbon, ambako nyaraka za safari za Bahari ya Hindi zilizonusurika zimehifadhiwa. Mke wangu yeye hakubaliani nami: anasema dhahabu ni ya Kilwa na irudi Kilwa, basi. Nimeahidi kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Mwana wa Mvita:

Namuunga mkono shemeji.

Bi Mkubwa wa Ilala:

Nami pia namuunga mkono. Swali la mwisho, kaka: tukifika Ijumaa usiku na kuondoka Jumatatu jioni, tupangeje? Na je, Sintra tuijumuishe?

Mleta uzi:

Dada, Sintra iacheni. Ni nzuri, lakini itawala siku nzima. Jumamosi asubuhi mapema nendeni Belém, muwe mlangoni mwa monasteri kabla haijafunguliwa, kwa kuwa foleni hukua haraka. Mchana rudini kwa tramu namba 15, mshukie upande wa Santos na kupanda hadi makumbusho. Jumapili iwe ya Baixa, Carmo, Alfama na kivuko cha jioni. Jumatatu monasteri na makumbusho yale hufungwa, hivyo msiviweke siku hiyo kabisa. Itumieni kupumzika ukingoni mwa mto na kununua zawadi. Mkifika kwenye chombo kile, zungukeni kabati lote, kwa kuwa jina la Kilwa halionekani mkisimama upande mmoja tu.